Shule ya kilimo inayojilipia mishahara kwa mayai na jibini

SEMINA za ujasiriamali si jambo geni kwa mkulima wala mfanyabiashara mdogo. Anaalikwa ukumbini, anapewa daftari na kalamu, anaelezwa namna ya kutafuta soko, kutunza kumbukumbu na kupanga bei. Jioni anasaini karatasi ya mahudhurio, anachukua nauli yake na kurudi kijijini.

Asiyezungumzwa sana ni yule aliyesimama mbele akifundisha. Mara nyingi hajawahi kuuza hata fungu la nyanya. Mshahara wake unatoka kwa mfadhili, ukumbi umelipiwa na mfadhili, na siku mradi unapofika ukingoni asasi yenyewe inafunga ofisi. Mkulima anakuwa amefundishwa kujitegemea na watu ambao wao wenyewe hawajawahi kujaribu.

Je, asasi isiyoweza kujiendesha inaweza kumfundisha maskini kujiendesha? Swali hilo liliikabili taasisi moja ya Paraguay, Amerika ya Kusini, miaka zaidi ya 20 iliyopita. Namna ilivyolijibu imezungumzwa katika nchi nyingi, na miaka michache baadaye ikafika hadi katika shule za Tanzania.

Paraguay haina bahari, kama zilivyo Uganda, Rwanda na Burundi. Inauza nje soya na nyama ya ng'ombe kwa wingi, lakini ardhi iko mikononi mwa wachache. Sensa ya kilimo ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa mashamba makubwa, ambayo kwa idadi hayafiki asilimia 3 ya mashamba yote, yalishika asilimia 85 hivi ya ardhi ya kilimo. Mkulima mdogo, ambaye nyumbani huzungumza zaidi Kiguarani kuliko Kihispania, anabaki na hekta chache, ng'ombe wawili watatu na shamba la mihogo, ambayo huko ni chakula cha kila siku kama ilivyo kwa watu wengi wa pwani yetu.

Ni katika nchi hiyo ambako mwaka 1985 Martín Burt, akishirikiana na wafanyabiashara wenzake wa mji mkuu wa Asunción, alianzisha asasi isiyo ya kibiashara iitwayo Fundación Paraguaya. Nchi ilikuwa bado chini ya Jenerali Alfredo Stroessner, aliyetawala tangu mwaka 1954 hadi alipopinduliwa mwaka 1989, na mikutano ya raia haikuangaliwa kwa jicho zuri.

Asasi ilianza na mikopo midogo kwa wachuuzi na mafundi ambao benki hazikutaka hata kuwaona mlangoni. Ilikuwa ya kwanza kutoa mikopo ya namna hiyo nchini humo. Riba ya mikopo ndiyo iliyolipia ofisi na maofisa wake. Katika miaka ya 1990 ikaongeza mafunzo ya biashara kwa vijana wa shule.

Burt mwenyewe hakukaa ofisini muda wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa naibu waziri wa biashara, na kuanzia mwaka 1996 hadi 2001 alikuwa meya wa Asunción. Asasi haikufa alipokuwa nje. Hilo si jambo dogo, kwani asasi nyingi ni mali ya mwanzilishi wake kwa kila hali isipokuwa kwenye karatasi za usajili.

Shule iliyokuwa mzigo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda si mrefu baada ya Burt kutoka kwenye umeya, watawa wa Kikatoliki waliokuwa wakiendesha shule ya sekondari ya kilimo ya San Francisco, huko Cerrito, waliona hawaimudu tena. Shule iko chini ya kilomita 50 kutoka Asunción, ng'ambo ya mto Paraguay, kando ya barabara kuu inayokwenda Chaco. Chaco ni nyika kubwa inayochukua zaidi ya nusu ya eneo la nchi, ingawa wakazi wake ni wachache mno.

Ilikuwa shule kama zilivyo nyingi. Watoto wa wakulima maskini walilala bwenini, walisoma kilimo kwenye ubao, na gharama zilingoja ruzuku ya serikali na huruma ya wahisani. Ruzuku ikichelewa, deni linaongezeka. Wenyewe walitafuta mtu wa kuichukua, na Fundación Paraguaya ikakubali.

Njia rahisi ilikuwa kuandika andiko la mradi na kupeleka kwa wafadhili. Uongozi uliamua vingine: ndani ya miaka mitano shule ijilipie yenyewe gharama zote za kuiendesha, yaani chakula, umeme, dawa za mifugo na mishahara ya walimu, kwa kuuza kile ambacho wanafunzi wanajifunza kukizalisha.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwani habari hii husimuliwa mara nyingine kana kwamba shule haikupokea hata senti ya mfadhili. Si hivyo. Majengo na vifaa vilihitaji mtaji, na fedha za wahisani zilitumika. Mwaka 2005 asasi hiyo ilipata tuzo ya Skoll, ambayo huambatana na fedha. Lengo lilihusu gharama za kila mwezi. Mfadhili anaweza kujenga banda, lakini kuku wenyewe ndio wanaotakiwa kununua chakula chao.

Shule ikaanza kuuza maziwa, jibini, mtindi, mayai, mboga, asali na nyama ya nguruwe. Ikafungua duka kando ya barabara kuu na kujenga hoteli ndogo yenye kumbi za mikutano, ambako wanafunzi wanaosomea hoteli na utalii wa vijijini hufanyia mazoezi. Kufikia mwaka 2007, kwa mujibu wa taarifa za asasi hiyo, mapato yalikuwa kiasi cha dola 300,000 za Marekani kwa mwaka, na yalitosha kulipia gharama zote za uendeshaji wa shule yenye wanafunzi wapatao 150.

Hesabu ya banda la kuku

Namba hizo zinaweza kumvutia msomaji, lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye madaftari. Kila shughuli shuleni, iwe maziwa, mboga au kuku, ilihesabiwa peke yake kama biashara, ikiwa na gharama zake, mauzo yake na faida au hasara yake.

Chukua mfano ambao mfugaji yeyote wa hapa anaweza kuukagua. Shule ina kuku wa mayai 200. Siku nzuri wanataga mayai 150, ambayo ni trei tano. Mkuu wa shule anaona trei tano zinatoka kila siku, anafurahi, anaandika kwenye ripoti kuwa mradi unakwenda vizuri.

Lakini kuku mmoja wa mayai anakula karibu gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 200 wanakula kilo 24, yaani mfuko wa kilo 50 unakwisha kwa siku mbili. Trei zile tano kwanza zinalipa kilo 24. Zinalipa chanjo, dawa, taa na maranda. Zinamlipa anayelala bandani kuangalia vicheche. Zinatakiwa pia kuweka kando fedha za vifaranga wapya, kwa sababu baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wa kutaga kuku hawa watakuwa wamechoka. Na banda lenyewe linachakaa.

Mayai yakishuka kutoka 150 hadi 90, trei zimebaki tatu, lakini chakula kimebaki kilekile, kilo 24. Kama chakula kinanunuliwa kwa fungu la serikali na mayai yanaliwa jikoni bila kuandikwa, hakuna atakayejua kuwa mradi umekuwa ukila fedha kwa miezi sita. Miradi mingi ya shule na ya vikundi vya akina mama imekufa kifo hicho, huku kila mtu akiamini ilikuwa na faida.

Mwanafunzi wa Cerrito hufanya hesabu ya namna hii kwa kuku anaowalisha yeye, na mayai anayoyauza yeye. Muda wake umegawanywa nusu darasani na nusu kwenye uzalishaji. Wenyewe wanaita utaratibu huo kujifunza kwa kutenda, kuuza na kupata fedha. Maneno mawili ya mwisho ndiyo mapya. Kujifunza kwa kutenda kunahubiriwa kila mahali. Kuuza ndiko kunakoachwa.

Mwalimu akawa meneja

Mabadiliko makubwa zaidi hayakumgusa mwanafunzi, yalimgusa mwalimu. Katika utaratibu wa Cerrito anayefundisha ufugaji ndiye pia anayesimamia kitengo cha mifugo, na kitengo kikipata hasara yeye ndiye anayeulizwa. Hawezi kufundisha asubuhi kuwa ng'ombe wa maziwa ana faida wakati daftari lake la mchana linasema vingine.

Mtu anaweza kuona ni jambo la kawaida tu. Jaribu kulipeleka kwenye kikao cha walimu wa shule yoyote. Mwalimu aliajiriwa kufundisha, ana mtaala na mitihani, na mshahara wake haujawahi kutegemea bei ya yai sokoni. Kumgeuza awe mtu wa kuulizwa kuhusu mauzo kunahitaji uongozi unaokubali kuchukiwa kwa muda, na uongozi wenyewe uwe tayari kuulizwa kwanza. Asasi yenyewe ilikuwa imeweka jina lake rehani kwa kutangaza muda wa miaka mitano.

Kuna hatari ya upande wa pili. Shule ikishaambiwa ijilishe, ni rahisi mwanafunzi kugeuzwa kibarua. Kwetu hili si la kubuni. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kila shule iwe pia na shamba au karakana na ichangie kujiendesha. Alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua.

Wengi waliosoma miaka iliyofuata wanakumbuka jembe zaidi ya masomo hayo. Mahindi yalilimwa, yakavunwa, yakapelekwa kusikojulikana na wanafunzi. Mchelewaji aliadhibiwa kwa kupewa matuta ya kulima, jambo ambalo lilimfundisha kijana kuwa kilimo ni adhabu. Hakuonyeshwa bei ya gunia wala gharama ya mbegu.

Tofauti kati ya shamba lile na lile la Cerrito si ukubwa wa kazi, maana kukamua ng'ombe alfajiri ni kukamua ng'ombe alfajiri popote. Tofauti ni daftari kuwa wazi. Mwanafunzi anayejua gharama ya lita ya maziwa na bei iliyouzwa anajifunza biashara. Asiyejua anamfanyia mtu kazi bila malipo, hata kama mtu huyo ni shule.

Mikopo baada ya cheti

Jambo jingine lililopangwa kwa makusudi ni ukubwa wa miradi. Vyuo vingi vya kilimo hufundishia kwenye trekta na mashine za kukamulia, kisha kijana anarudi kwa baba mwenye ng'ombe wawili na anajiona amesoma bure. Akili yake inakimbilia mjini. Cerrito miradi iliwekwa midogo, ya kiasi ambacho familia inaweza kukiiga kwenye kipande chake cha ardhi.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika mchanganuo wa biashara yake. Akimaliza, anaweza kuomba mkopo kutoka asasi ileile, ambayo inamjua na imeona daftari lake kwa miaka mitatu. Kwa kijana asiye na hati ya ardhi wala dhamana nyingine, miaka hiyo mitatu ndiyo dhamana. Asasi inaeleza kuwa karibu wahitimu wote huwa kwenye kazi, kwenye shughuli zao wenyewe au kwenye masomo ya juu ndani ya miezi michache. Hizo ni takwimu zake yenyewe, na ni vyema zisomwe hivyo.

Kwa upande wa mikopo ya kawaida, uongozi ulikutana na swali gumu zaidi. Wateja, wengi wao wanawake, walikuwa wakirejesha vizuri. Marejesho mazuri yanampendeza mkopeshaji. Je, yanaonyesha kuwa mkopaji ametoka kwenye umaskini? Mama anaweza kurejesha kila wiki bila kuchelewa huku choo kimebomoka na mtoto ameacha shule ili amsaidie kuuza. Ni aibu ambayo wakopeshaji wengi wa wadogo hawapendi kuitazama, na India ilipata funzo lake mwaka 2010, pale mzigo wa mikopo hiyo ulipozua mgogoro mkubwa katika jimbo la Andhra Pradesh.

Karibu na mwaka huohuo Fundación Paraguaya ilianza kutumia kipimo ilichokiita taa za barabarani za umaskini. Familia inaonyeshwa picha za mambo 50, kama vile kipato, maji, choo, meno, akiba, kitambulisho na hata ugomvi wa nyumbani. Kwa kila jambo inachagua yenyewe kama iko kwenye nyekundu, njano au kijani. Afisa haichagulii. Kisha familia inaamua ianze na nyekundu ipi.

Mara nyingi familia haina nyekundu kila mahali, na jambo hilo humshangaza afisa kuliko linavyoishangaza familia. Burt aliandika kitabu kuhusu suala hilo mwaka 2019, akihoji umaskini ni wa nani: ni wa asasi zinazoupima, au ni wa familia zinazouishi. Kipimo hicho kimetumika hadi Uingereza na Afrika Kusini.

Ilipovuka bahari

Mwaka 2006 asasi hiyo ilisaidia kuzaliwa kwa shirika la Teach A Man To Fish la London, linalosambaza utaratibu wa shule kuwa na biashara, na ambalo limefanya kazi pia Uganda na Rwanda. Mwaka 2012 Fundación Paraguaya ikapata tuzo ya kampuni ya Nestlé kwa ajili ya kuzisambaza shule zinazojitegemea. Ni katika miaka hiyo ambapo, kwa fedha za Mastercard Foundation, utaratibu huo uliletwa katika baadhi ya shule za Tanzania.

Kuhamisha utaratibu ni rahisi kuliko kuhamisha barabara. Cerrito iko mahali ambapo magari yanapita mchana kutwa na mji mkuu uko chini ya saa moja. Hoteli na kumbi zake zinaishi kwa sababu ofisi za Asunción zinahitaji mahali pa kufanyia mikutano. Shule iliyoko kilomita 30 ndani ya barabara ya vumbi, ambako kila jirani anafuga kuku na mvua ikinyesha lori halifiki, haiwezi kuiga orodha ya bidhaa za Cerrito na kutegemea matokeo yaleyale. Inachoweza kuiga ni hesabu, na hesabu inaweza kuiambia kuwa mradi unaofaa ni miche ya miti, mizinga ya nyuki au kusaga nafaka, au kwamba hakuna mradi utakaolipa mishahara yote na shule iseme hivyo wazi.

Asasi yenyewe imekutana na jambo hilo nyumbani. Mwaka 2009 ilishirikiana na wengine kufungua shule ya wasichana, wakiwemo wa makabila ya asili, katika hifadhi ya msitu ya Mbaracayú, yenye ukubwa wa hekta 64,000 hivi, mashariki mwa nchi. Huko hakuna barabara kuu ya kuwekea duka la jibini, na wateja hawapiti mlangoni.

Kwa shule za umma za kwetu kuna tatizo jingine ambalo Cerrito haikuwa nalo. Mkuu wa shule hapa huhamishwa kwa barua. Aliyeanzisha mradi akiondoka, mgeni anakuta banda, daftari lenye kurasa zilizochanika na deni dukani kwa muuza pumba. Bodi za shule zinazofikiria kuanza zinaweza kuanzia hapo: kabla ya kununua kifaranga cha kwanza, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao daftari litakaa kwa nani, nani atalikagua kila mwezi akiwemo mwakilishi wa wanafunzi, na fedha za mauzo zitaingia akaunti ipi ambayo haitahitaji saini ya mtu mmoja. Kuku 200 watakula kilo 24 kesho asubuhi, mkuu wa shule awepo au awe ameshahama.